Mnyororo, Barabara na Dawa

Maradhi mengi humwandama mnyonge: mtoto mchanga, mzee, mama mwenye mimba. Wazimu humwandama kijana. Ugonjwa ule ambao madaktari huuita skizofrenia, ambao mgonjwa wake husikia sauti zisizo na mwenyewe na kusadiki mambo yasiyokuwapo, kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka 15 na 30. Yaani wakati ule ambapo mwana amekwisha kulelewa, na bado hajaanza kuwafaa waliomlea. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 katika kila watu 300 hivi anao. Hapana kabila wala dini iliyosalimika, na katika mji mdogo wa watu 3,000 yapasa kutazamia wagonjwa kama 10, wajulikane wasijulikane.

Katika insha hii nataka kueleza jinsi kijana wa namna hiyo alivyotendewa, na alivyotibiwa, katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera, tangu zama za kale hata leo. Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wakati wa utawala wa Waingereza, ikawa Mkoa wa Kaskazini-Mashariki mwaka wa 1963, na tangu mwaka wa 2013 imekuwa kaunti tatu. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Ni nchi pana, kavu, na barabara zake ni chache. Sifa hii ya mwisho msomaji aikumbuke, kwa kuwa itarudi mara nyingi katika habari hizi.

Kwa Kisomali wazimu huitwa waalli. Watu wa kale hawakuuona kuwa una chanzo kimoja. Yuko aliyesemekana kuwa ameingiwa na jini; yuko aliyepigwa na jicho la hasidi; yuko, hasa miongoni mwa wanawake, aliyepandwa na saar, pepo atakaye ubani, kahawa, nguo na ngoma ndipo atulie. Kila chanzo kilikuwa na tiba yake. Mwenye jini alipelekwa kwa sheikh, naye akamsomea Kurani, akayasomea na maji, ambayo Wasomali huyaita tahliil, mgonjwa akayanywa na kuyaoga. Wenzao wa pwani walifanya jambo lililo karibu na hilo kwa kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji, na maji yale yakanywewa. Mwenye saar alichezewa ngoma mpaka pepo akaridhika.

Ni rahisi kwa mtu aliyekwenda shule kuyacheka hayo. Mimi sioni la kucheka. Tiba hizo zilikuwa na jambo moja ambalo hospitali nyingi za baadaye zililikosa: zilifanywa mbele ya jamaa, mgonjwa akiwa katikati ya watu wanaomjua jina lake na jina la babu yake, nao wote wakitumaini kwamba atapona. Walakini ukweli usemwe. Kijana mwenye huzuni au hofu aliweza kupata faraja kwa kisomo, na wengi waliipata. Bali kijana aliyeshikwa na skizofrenia aghalabu hakupoa, na kama alipoa, maradhi yalirudi baada ya miezi. Hapo ndipo ulipoletwa mnyororo.

Watu wengi husikia habari za mnyororo wakadhani ni ukatili mtupu. Na tufikiri kwanza. Kambi ya wafugaji imepigwa mwendo wa siku mbili kutoka kisimani. Kijana asikiaye sauti zinazomwita aweza kuondoka usiku bila maji wala viatu, na kabla nyayo zake hazijafuatwa kiu imekwisha kumuua, au fisi wamemkuta. Akibaki kambini, aweza kumpiga mtu wa ukoo mwingine kwa kumdhania adui. Kwa desturi ya Kisomali fidia ya damu, iitwayo mag, haimpasi muuaji peke yake. Huwapasa watu wote wa kundi lake la ukoo, na damu ya mwanamume mmoja ilihesabiwa kuwa ni ngamia 100. Basi baba aliyemfunga mwanawe mguu kwenye shina la mti alikuwa akimzuia asife jangwani, na papo hapo akiwazuia ndugu zake wasifilisike. Mnyororo ulikuwa dawa ya asiye na dawa.

Nayasema haya ili tuelewe, si ili tusifu. Mguu uliofungwa kwa miaka hukonda, na kifundo chake hutoka vidonda vya jua na nzi. Aliyefungwa hupitwa na ndoa, hupitwa na elimu, na mwisho watu huacha kumsemesha kwa kuwa wamezoea kusema juu yake. Tena mnyororo una hila moja mbaya: ukifungwa leo kwa sababu ya hatari ya leo, hapana ajuaye siku ya kuufungua. Wala dini haikuuagiza. Sultani Qalawun alijenga hospitali kubwa mjini Kairo mwaka wa 1284, na ndani yake walitengewa mahali wenye wazimu ili watibiwe na kutunzwa. Lakini hiyo ilikuwa elimu ya miji yenye mito na hazina. Mfugaji wa jangwani hakufikiwa nayo.

Serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wenye wazimu mjini Nairobi mwaka wa 1910, katika majengo ambayo kwanza yalitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka wa 1924 ikaitwa Hospitali ya Mathari. Kwa miaka mingi palikuwa ni mahali pa kufungia zaidi ya kuwa mahali pa kutibia, na wagonjwa waligawanywa humo kwa rangi zao, kama walivyogawanywa katika kila kitu siku zile. Tusifikiri hata hivyo kwamba Ulaya kulikuwa na dawa ikanyimwa Afrika. Huko nako walikuwa wakipapasa gizani. Mwaka wa 1933 Manfred Sakel alianza kuwatia wagonjwa usingizi mzito kwa insulini. Mwaka wa 1935 Egas Moniz wa Ureno alianza kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1949 kwa kazi ambayo leo madaktari huikumbuka kwa haya. Mwaka wa 1938 Waitaliano wawili mjini Roma, Cerletti na Bini, walianza kutumia umeme. Katika hizo tatu ni umeme tu uliobaki, nao hutumiwa kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi na kwa maradhi machache.

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kiasi cha kilometa 370. Kutoka Mandera ni zaidi ya 1,000. Na njia yenyewe haikuwa wazi. Kwa sheria ya mwaka wa 1902 nchi yote ya kaskazini ilifungwa, na kwa sheria nyingine ya mwaka wa 1934 wakuu wa wilaya walipewa mamlaka makubwa zaidi ya kuzuia watu wasitembee bila kibali. Kijana aliyeugua karibu na Wajir hakuwa na gari, hakuwa na kibali, na hakuwa na sababu ya kuamini kwamba wageni wa Nairobi wangemfanyia wema. Katika makoloni, Mwafrika aliyefikishwa katika hospitali ya wazimu mara nyingi alikuwa ni yule aliyekwisha kufanya fujo mjini akakamatwa na polisi.

Hapa lipo jambo la kuwafaa wanafunzi wa historia. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia Mathari tangu mwaka wa 1938 hata 1950, aliandika kwamba wazimu ni haba miongoni mwa Waafrika wanaoishi kwao kwa mila zao. Na katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953 aliifananisha akili ya Mwafrika mzima na ile ya Mzungu aliyekatwa ubongo kwa mbele. Hayo ya pili hayastahili jibu refu. Hayo ya kwanza yanastahili swali: aliwahesabuje? Aliwahesabu waliofika. Aliyekuwa amefungwa mtini mbali na barabara hakuwamo katika daftari lolote, ila katika hesabu ya mama yake.

Wakati kitabu hicho kikichapwa, jambo kubwa lilikuwa limekwisha tokea mjini Paris. Mnamo Desemba 1950 wakemia wa kampuni ya Rhône-Poulenc walitengeneza dawa iliyoitwa klopromazini. Daktari mpasuaji, Henri Laborit, aliona kwamba mgonjwa aliyepewa dawa ile hutulia bila kulala. Mwaka wa 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne wakawapa wagonjwa wa akili, na watu waliokuwa wakipiga kelele usiku na mchana wakaanza kukaa, kula, na kujibu walipoulizwa. Mwaka wa 1958 Mbelgiji Paul Janssen akapata nyingine, haloperidoli. Baadaye wataalamu, Arvid Carlsson wa Uswidi akiwa mbele yao, walifahamu kwamba dawa hizi huzuia kazi ya kitu kimoja cha ubongo kiitwacho dopamini, ambacho kikizidi hufanya kila jambo dogo lionekane kuwa na maana kubwa: gari lipitalo huwa mpelelezi, na kikohozi cha jirani huwa ishara.

Dawa hizi hazizimi sauti kama mtu azimavyo taa. Kwanza usingizi hurudi, katika siku chache. Kisha hofu hupungua. Sauti hufifia katika majuma, na mwisho mgonjwa huanza kuzitilia shaka mwenyewe, ndipo jamaa wajuapo kwamba wamempata tena mtu wao. Nazo zina gharama: mikono hutetemeka, mwili hukakamaa, miguu haitulii, na wengine hunenepa au kusinzia mchana. Vijana wengi huziacha kwa sababu hizo, au kwa sababu wanajiona wamekwisha pona, na wengi katika waachao hurudiwa na ugonjwa. Kwa hiyo dawa ya ugonjwa huu si kama dawa ya malaria, ambayo hunywewa siku tatu ikasahauliwa. Yataka mtu wa kuitoa, mtu wa kuitazama, na njia ya kuifikia, mwezi baada ya mwezi.

Sasa tuziweke tarehe pamoja. Dawa ilipatikana mwaka wa 1952, na katika miaka michache ikaenea mabara yote. Mwaka wa 1963, mwezi huo huo wa uhuru, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini-mashariki, vikaanza vita vilivyoitwa vya Shifta, vilivyokwisha kwa mapatano ya Arusha mwaka wa 1967. Lakini sheria za hali ya hatari hazikufutwa mpaka mwaka wa 1991. Katikati ya miaka hiyo raia wengi waliuawa katika operesheni za vyombo vya usalama, Garissa mwaka wa 1980 na Wagalla, karibu na Wajir, mwaka wa 1984. Ni nani angempakia kijana anayepiga kelele na kuwaona maadui kila mahali katika lori lipitalo vizuizi vya askari wenye bunduki? Na hata palipokuwa na amani, mto Tana ulikuwa na amri yake: mafuriko ya mwaka wa 1961, na yale ya mwisho wa mwaka wa 1997, yalizikata njia za Garissa kwa majuma. Hivyo kwa miaka karibu 40 dawa ilikuwako duniani, mnyororo ukawako Kaskazini-Mashariki, na kilichovitenga ni barabara.

Hata aliyebahatika kufika Mathari hakuwa ameokoka. Alilazwa, akatulia, akarudishwa kwao na vidonge vya majuma machache. Vilipokwisha, duka la dawa lilikuwa Nairobi. Ugonjwa uliporudi, wazee walisema kwamba wamekwisha jaribu ya Wazungu nayo imeshindwa. Si ajabu. Jambo lililoanza kuufungua mzingo huo lilikuwa dogo: mwishoni mwa miaka ya 1960 ilienea sindano ya flufenazini iliyochanganywa na mafuta, ambayo hukaa mwilini majuma mawili hata manne. Sindano moja kwa mwezi yaweza kuchomwa na muuguzi wa kawaida katika zahanati yoyote. Haitaki profesa. Yataka muuguzi, sindano, na siku inayojulikana.

Wakati huo huo Afrika ilikuwa imeifundisha dunia jambo jingine. Mwaka wa 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnijeria, alianza kazi Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa ndani ya kuta, aliwapangisha katika vijiji vya jirani, kila mmoja na jamaa yake wa kumpikia na kumwangalia. Mchana wakaenda hospitalini kwa dawa, jioni wakarudi kijijini. Hakuwafukuza waganga wa jadi, bali alifanya kazi nao. Kisha, kuanzia miaka ya 1960 mwishoni, Shirika la Afya Duniani liliwafuata wagonjwa katika nchi 9, Nijeria na India zikiwamo, na miaka ikapita likaona kwamba wengi wa nchi hizo mbili walikuwa na hali njema zaidi kuliko wenzao wa nchi tajiri. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu. Wengine huzitilia shaka hesabu zenyewe. Wengine husema ni kwa kuwa mgonjwa wa kijijini hupewa kazi ya kufanya, hata ikiwa ni kuchunga mbuzi watatu. Mimi nawafuata hawa wa pili, kwa kuwa kuchunga ni kazi ya kweli, na mwenye kuchunga huulizwa jioni mbuzi wako wapi.

Dawa ilifika karibu na watu wa Kaskazini-Mashariki kwa njia ambayo hapana aliyeitazamia. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka wa 1991, wakimbizi walivuka mpaka, zikafunguliwa kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera karibu na Dadaab, katika wilaya ya Garissa. Zilikusudiwa watu 90,000. Wakati wa ukame wa mwaka wa 2011 walizidi 450,000. Pamoja na mahema yalikuja mashirika, na pamoja na mashirika wakaja matabibu wa akili. Madaktari Wasio na Mipaka, walioendesha hospitali ya Dagahaley kwa miaka mingi, waliweka tiba ya maradhi haya miongoni mwa kazi zao. Na mwenyeji wa kijiji cha jirani, ambaye serikali yake haikumfikia kwa miaka yote ile, akaweza kuomba tiba katika hospitali ya mkimbizi.

Kambini lilizaliwa pia neno: buufis. Asili yake ni kupuliza, kama mtu ajazavyo hewa katika kibofu, nalo lina maana ya shauku ya kupelekwa Marekani au Ulaya, na pia ule unyong'onyevu, na mara nyingine ule wazimu, umpatao mtu ambaye safari yake imekatika. Si kila mwenye buufis ana skizofrenia, wala si kila aliaye usiku. Mganga mzuri ni yule awezaye kutenganisha, kwa kuwa mwenye majonzi huhitaji kusikilizwa, na dawa kali itamlemaza bure.

Ng'ambo ya mpaka, Mogadishu, muuguzi Abdirahman Ali Awale, ajulikanaye kama Daktari Habeb, alikuwa amekwisha anza kuwafungua watu. Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Duniani lilianza naye mpango wa kuondoa minyororo, kwanza hospitalini, kisha majumbani, kisha katika fikira za watu. Utaratibu wake ulikuwa wa busara: mnyororo haukufunguliwa kwa hotuba. Dawa ilitangulia, usingizi ukarudi, ndipo jamaa wenyewe wakaufungua. Huko alipambana pia na desturi ya kumfungia mgonjwa pamoja na fisi, kwa imani kwamba fisi humwona jini na kumfukuza. Familia zililipa fedha nyingi kwa fisi kuliko zilivyotakiwa kulipa kwa vidonge.

Lazima niseme neno juu ya miraa, kwa sababu kila mzazi wa Garissa huuliza. Jani hili hulimwa katika milima ya Nyambene, Meru, na magari yake hupita mbio kwenda kaskazini kila siku. Utafiti uliofanywa Hargeisa na kutangazwa mwaka wa 2005 uliona kwamba wanaume wenye maradhi ya saikosisi walikuwa, kwa kulinganishwa na wenzao wazima, wameanza kutafuna wakiwa wadogo zaidi, na wakitafuna kwa wingi zaidi. Hapana dalili kwamba vishada vichache humtia kila mtu wazimu. Lakini kijana ambaye sauti zimekwisha kumjia mara moja, kisha akakesha siku mbili akitafuna, anauita ugonjwa kwa jina.

Sheria zimekuwako. Ile ya mwaka wa 1949 ilihusu zaidi kumfikisha mgonjwa mbele ya hakimu. Ya mwaka wa 1989 ilitaka atendewe kama wagonjwa wengine. Na marekebisho ya mwaka wa 2022 yalizipa kaunti wajibu wa kutoa tiba ya akili karibu na wananchi. Maneno ni mazuri. Kipimo chake ni kabati la zahanati: je, sindano imo mwezi huu?

Na ikiwamo, siku ya kijana aliyepata nafuu haina la kushangaza. Huamka, huswali, huenda kazini au kisimani. Jamaa yake mmoja anajua dalili za mwanzo, ambazo karibu kila mara ni kukosa usingizi, kujitenga na kucheka peke yake, naye humpeleka mapema bila kungoja fujo. Sheikh humsomea kama atakavyo, na masheikh wenye hekima humwambia asiache dawa. Baada ya shambulio la kwanza huendelea nayo mwaka mmoja au miwili walau, wengine zaidi. Wako wasiorudiwa tena. Wako wenye kurudiwa mara kwa mara. Na wako wachache ambao sauti haziwaachi kabisa, wakajifunza kuishi nazo kama mtu aishivyo karibu na soko. Mwezi wa Ramadhani muuguzi huweza kupanga upya saa za vidonge, kimoja baada ya futari na kimoja wakati wa daku, ili mfungaji asilazimike kuchagua kati ya saumu yake na akili yake. Na wa sindano huambiwa tu tarehe ya kurudi, ikaandikwa katika kadi, kadi ikatiwa mfukoni.